Titi Alilolikataa Mtoto

Ejok, hamjambo kina mama. Mimi ni Akiru, yule wa kuuza makaa Kakuma. Nilikuwa na nguvu, gunia nabeba mwenyewe. Nilikaa kwa ndoa bila mtoto mpaka nikachekwa. Karibu na arobaini Mungu akanipa Ekai.

Alipoanza kutambaa, akakataa titi la kushoto. Ukimpa, anageuza uso, analia. Nikajishika, nikapata kitu kigumu kama kokwa ya mkoma.

Mama mkwe wangu, Nakuwam, akasema, "Hiyo ni maziwa imeganda. Mwili yako ilizoea kukaa bure, haijui kunyonyesha." Akanikanda na mafuta ya moto mpaka ngozi ikababuka. Wafula wa duka la dawa hata hakunigusa. "Maziwa tu, mama. Meza hii." Nikameza. Ngozi ikavutwa ndani kama kitovu, chuchu ikatoa damu.

Nikaomba kwenda hospitali ya Lodwar. Mume wangu, Lokwawi, akasema, "Titi ni ya mtoto wangu. Wakikata, atakula mchanga?" Mama yake akaketi mlangoni. Nikienda kuni, yuko nyuma yangu. Na kila siku wanamshika Ekai kichwa: nyonya! Analia yeye, nalia mimi.

Safari waliyonikubalia ni ya chanjo tu. Muuguzi akaona mtoto amepungua uzito. "Mbona, mama?" Nikafungua nguo. Nikamwambia ni maziwa yameganda.

"Nani alikuambia haya ni maziwa?"

"Kila mtu. Isipokuwa huyu mtoto."

Sikurudi nyumbani. Akanipakia na Ekai kwenye gari la wagonjwa, mpaka Lodwar. Wakatoa nyama kidogo kwa sindano, wakapima. Saratani. Nikauliza kama ni kwa sababu nilichelewa kuzaa. Daktari akasema, "Kuzaa na kunyonyesha humkinga mama huko mbele. Lakini miaka ya kwanza baada ya kuzaa hatari hupanda kidogo, zaidi ukizaa umri umesonga. Si kosa lako."

Wakakata titi lote. Dawa ilinitapisha, kucha zikawa nyeusi, nywele zikabaki kwa mto. Ekai alikunywa maziwa ya mbuzi. Hakula mchanga.

Namshukuru Mungu na yule muuguzi. Wale watatu walionichelewesha nimewataja, na nitawataja tena hata mbele yao. Nakuwam bado anasema nilimnyima mjukuu wake titi.

Wewe unayenyonyesha, uvimbe usipoisha, usikubali uitwe maziwa. Nenda upimwe. Wakikaa mlangoni, sema unapeleka mtoto chanjo.

Ekai sasa anakimbia. Akichoka anakuja kulala kifuani kwangu, upande wa kushoto, pale palipobaki mfupa na kovu. Hageuzi uso.