Siku Kompyuta Yangu Iliponyamaza

Mwaka wa nane tangu nipoteze macho, kompyuta yangu ilianza kuniambia kwamba imezeeka.

Iliniambia kwa sauti, kwa sababu ndiyo njia pekee tunayozungumza mimi nayo. Ndani yake mna programu inayonisomea kila kinachotokea kwenye kioo: herufi niliyobonyeza, neno nililomaliza, jina la faili nililofungua. Kazi yangu ni kunukuu mikutano. Maofisa hunitumia mazungumzo yaliyorekodiwa, nami hukaa sebuleni kwangu Mkonze nikiyageuza kuwa maandishi. Sikio moja linamsikiliza mjumbe anayelalamikia kisima, lingine linaisikiliza kompyuta. Watu huniuliza kama sauti hizo mbili hazigongani. Zinagongana. Unazoea tu, kama mama anavyoongea na mgeni huku akimsikiliza mtoto aliye chumba cha pili.

Asubuhi hiyo nilikuwa katikati ya hoja ya mkulima wa zabibu. Sauti ikamkatiza, ikasema kwa Kiingereza kwamba mfumo endeshi wa kompyuta hii hautapewa tena matengenezo ya usalama, na kwamba mfumo mpya uko tayari kupakuliwa. Nikamwita mke wangu, aliyekuwa uani anatwanga karanga.

"Kuna kidirisha cha buluu kimefunika kioo chote," akasema akifuta mikono kwenye kanga. "Chini kuna vitufe viwili. Kimoja kinasema sasa hivi. Kingine kinasema nikumbushe baadaye."

"Baadaye."

"Una uhakika?"

"Bonyeza baadaye, mama."

Tukaenda hivyo miezi mingi. Kidirisha kilirudi kila baada ya siku chache, nami nikajifunza kukifunga mwenyewe bila kumwita mtu.

Si kwamba nilikuwa sielewi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya hapa, na maelezo ya usalama niliyaelewa vizuri kabisa. Lakini presha ya macho ilipoliua jicho la kushoto, lile la kulia lilibaki likisoma vichwa vya habari vya gazeti. Daktari akapendekeza upasuaji. Alinieleza vizuri, hakunificha kitu: inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Nilikubali siku hiyohiyo. Jicho lile halikusoma tena. Hakuna aliyekosea, na nimelisema hilo mara nyingi, nyingine nikijiambia mwenyewe. Ila tangu siku hiyo kuna kitu kifuani kwangu kinachokataa kugusa chochote ambacho bado kinafanya kazi.

Na kompyuta ile ilikuwa inafanya kazi. Sauti yake ilikuwa ya kiume, kama ya mtu mwenye mafua aliyejifunza Kiswahili kwa barua. Mwanzoni ilishindwa kabisa kutamka Mpwapwa, ikawa inataja herufi mojamoja kama mtoto wa chekechea. Nikaifundisha. Kila neno lililoishinda nililiandika kwenye orodha jinsi linavyotakiwa kusikika: majina ya vijiji, majina ya koo za Kigogo, vyakula kama mlenda na uwele. Orodha ile niliijenga kwa miaka. Nilijua kwamba sauti yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya mifumo ya zamani, na waliokuwa wakiitengeneza waliacha. Nikihama, huenda isinifuate.

Siku moja akanipigia simu binti wa ofisi inayonipa kazi nyingi kuliko zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Faili la jana lina shida?"

"Halina. Nilitaka tu kukuarifu mapema. Kuanzia mwezi ujao hatupokei kazi kutoka kwenye kompyuta zenye mfumo wa zamani. Ni mambo ya usalama, mzee. Si mimi niliyeamua."

"Naelewa, mama."

"Utaweza kubadilisha?"

Nikamwambia nitaweza. Nilipokata simu nikabaki nimeishika mkononi.

Jumamosi nikachukua bajaji mpaka Zuzu, kwa mwalimu wangu. Mwanamke huyu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, haoni tangu kuzaliwa, na ndiye aliyenifundisha kutumia kibodi nilipokuwa bado nalia kila asubuhi. Alinifundisha kwa kunigonga vidole kwa rula. Sijawahi kumwita kwa neno lingine zaidi ya Mwalimu, naye huniita kaka.

Alinikalisha barazani, akasubiri garimoshi la mizigo lipite ndipo aongee.

"Mimi nilihama zamani," akasema. "Na niliteseka. Siku tatu kompyuta ilikuwa bubu, niko nayo hapa kama sahani. Nilikuwa peke yangu, sikujua kuna vitufe vya kuamsha sauti ndogo inayokuja na mfumo wenyewe."

"Sasa unanitia moyo au unanitisha?"

"Nakwambia ilivyokuwa. Hebu weka mikono hapa."

Nikaweka mikono kwenye kompyuta yake. Sauti ilikuwa ya kike, laini, ya haraka mno, na kila neno la Kiswahili ililisoma kama mtalii. Nilifungua barua, nikaandika sentensi mbili, nikaihifadhi. Vitufe nilivyovijua vilinijibu karibu vyote. Lakini nilijikuta nimekunja uso kama niliyekula kitu kichungu.

"Sauti yangu itapotea," nikamwambia.

"Huenda."

"Na orodha?"

"Orodha ni faili tu. Tutaiweka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote." Akaitoa mikono yangu kwenye kibodi. "Kaka, mimi sikuwahi kuwa na macho ya kupoteza, kwa hiyo sitakudanganya kwamba najua unachokiogopa. Ila kazi utaipoteza, hiyo naijua. Nitakuja mwenyewe Jumatano. Usimwite fundi. Fundi atazima sauti ili isimsumbue, halafu ataondoka."

Jumatano alifika saa tatu asubuhi na begi lake na fimbo yake. Mke wangu akatupikia chai. Tulinakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja nikaiweka mfukoni mwa shati, na Mwalimu akaniambia mkono uliobonyeza "baadaye" miezi yote hiyo ndio ubonyeze "sasa hivi". Nikabonyeza. Baada ya muda sauti ya mtu mwenye mafua ikasema kompyuta inajiwasha upya, ikakatika katikati ya neno.

Hapo sasa tukawa vipofu wawili mbele ya kioo, na mke wangu katikati yetu akiwa macho yetu sote.

"Imeandika asilimia nane," akasema. "Kumi na tatu. Ishirini."

Tukanywa chai. Tukaongea habari za mvua, kwamba Kibakwe, nyumbani kwao mke wangu, watu wameshapanda ilhali kwetu ardhi bado ngumu. Kila baada ya muda alitaja namba. Arobaini na moja. Hamsini. Hamsini na tano. Mikono yangu ilikuwa inasugua magoti, nami sikujua kwamba inasugua. Sitini na nne. Sabini na mbili.

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Wifi," akasema taratibu, "hiyo namba kweli inasogea? Maana feni ya kompyuta imenyamaza zamani."

Nikasikia mke wangu anasogea kwenye kiti.

"Mama?" nikamwita.

"Imekwama arobaini na moja," akasema. "Karibu nusu saa sasa."

"Kwa hiyo hizo nyingine ulikuwa unazitoa wapi?"

"Nilikuwa naangalia mikono yako."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mimi si mtoto, kwamba mtu asiyeona ana kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni neno la anayeona. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwalimu akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka uani bila kuaga.

Mke wangu akavuta kiti karibu. Nilidhani ataomba radhi yaishe.

"Kuna lingine," akasema. "Siku ile hospitali, kabla hawajakufungua bandeji. Daktari aliniita korido akaniambia jicho halitarudi. Wewe ukaniuliza amesema nini, nikakwambia amesema tusubiri. Siku nne, baba. Siku nne nilijua peke yangu."

Nje Mwalimu alikuwa anaongea na kuku.

Nilikumbuka siku zile nne. Nilikuwa na furaha siku zile. Nilimpangia mambo tutakayofanya: kwenda Kibakwe, kupaka nyumba rangi. Aliniitikia kila kitu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anaitikia kwa moyo gani.

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Ningeanzia wapi?"

Hasira ilikuwepo bado, ila haikujua tena imwendee nani. Nikanyoosha mkono nikaupata wake. Ulikuwa na jasho kuliko wangu. Tulikaa hivyo. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imefika arobaini na tatu. Kweli."

"Kweli?"

"Mwite Mwalimu aisikilize feni."

Ilimaliza saa saba mchana. Mke wangu akasema kioo kimewaka, kina picha ya milima. Lakini kompyuta haikutoa hata pumzi. Mwalimu akaingiza vidole vyake chini ya vyangu, akavipeleka kwenye vitufe vitatu, akavibonyeza kwa pamoja. Sauti ya mwanamke wa Kizungu, ile inayokuja na mfumo wenyewe, ikaanza kutusomea vilivyo kwenye kioo. Sijawahi kufurahia sauti nisiyoipenda kama siku ile.

Ile yangu ya zamani haikurudi. Tulijaribu jioni nzima, na kila mara mfumo ulijibu kwamba programu hii haiwezi kutumika hapa. Mwalimu alinitafutia sauti nyingine ya kiume inayojua Kiswahili, kavu lakini yenye adabu, akaipakia orodha yangu. Karibu nusu ya maneno yalikubali. Mengine ilibidi niyaandike upya.

Wiki mbili nilikuwa mzito kama mwanafunzi. Mkutano ambao zamani ningeunukuu siku moja ulinichukua nne. Nilimpigia binti wa ofisi kumweleza, akasema, "Tulia mzee, tunakusubiri," na kweli alinisubiri. Kazi ya kwanza aliipokea bila neno. Ya pili alinirudishia kwa sababu nilikuwa nimeruka ukurasa mzima, na hilo halikuwa kosa la mfumo.

Mtu akiniuliza leo kama ahame au abaki, simjibu haraka. Namwambia nilichopoteza na nilichobaki nacho, na namwambia ahame mchana, akiwa na mtu karibu.

Mfumo huu una kitu ambacho ule wa zamani haukuwa nacho: ukiupa picha, unajaribu kukueleza. Mwezi uliopita shemeji yangu alitutumia moja kutoka shambani kwake Kibakwe. Nikaifungua, na ile sauti kavu ikasema: watu watatu wamesimama mbele ya gari.

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa.

"Gari gani? Ni trekta la kukodi. Na watu ni wanne, huyo mwingine amechuchumaa."

"Ni nani aliyechuchumaa?"

Akasogeza kiti, akainama karibu na kioo. Akachukua muda wake kuangalia, kisha akaanza kunieleza.