Seli Nane za Bi Mwasiti

Mimi ni mchomeleaji, na kusema kweli mafundi umeme siwapendi. Wanakuja kibandani kwangu na vipimo vya kukisia, ukishakata chuma ndiyo wanakumbuka kwamba walipima kwa shubiri. Sadick alikuwa kinyume chao, na hicho ndicho kilichonichosha zaidi. Yeye alipima, akapima tena, akaondoka, akarudi kupima. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa changu hapa Majengo, Sumbawanga, kwa hiyo nilimvumilia kila siku ya Mungu.

Alianza na redio na simu, baadaye akaingia kwenye sola. Kwa miaka mingi alizunguka Kaengesa, Ilemba na vijiji vya huko, akibadilisha betri za maji ambazo watu waliziua kwa kuzikausha hadi tone la mwisho. Kisha akagundua hizi mpya, za lithiamu yenye chuma na fosfeti, zinazouzwa seli mojamoja, kila seli kama tofali la bluu. Unazipanga mwenyewe, unaziunganisha mwenyewe, unapata betri itakayodumu miaka. Tangu siku hiyo tukakosa amani. Ukimsalimia, anakujibu kwa habari za seli.

Hakuwa mtu wa mchezo. Kabla ya kugusa seli alivua pete ya ndoa na saa. Spana zake alizizungushia utepe mweusi zikabaki midomo tu, kwa sababu spana ikilala juu ya vichwa viwili vya seli inageuka kaa la moto na kukuachia kovu. Mteja mmoja wa Ilemba fyuzi ilimkatikia akaweka msumari. Sadick aliposikia alipanda pikipiki hadi huko, akaing'oa betri na kurudi nayo.

"Bora akae giza," aliniambia, bado ana vumbi kwenye nyusi.

Nilimcheka. Nilimwita Shehe wa Fyuzi, na jina likamganda.

Mama yake aliitwa Bi Mwasiti. Alikuwa mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, amekaanga vitumbua kwa kuni maisha yake yote, na moshi ule haukumwacha. Mapafu yalichakaa. Daktari akasema arudi nyumbani lakini aishi na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, kisha anaipata kwa mrija puani. Ndugu walihangaika wakaipata iliyotumika. Ilifanya kazi vizuri isipokuwa king'ora chake, kilichokuwa kimekufa. Ikizimika, inazimika kimya.

Na umeme wetu mnaujua. Mvua ikigusa nguzo huko bondeni, mji mzima unarudi kwenye vibatari. Siku ya kwanza umeme kukatika, Bi Mwasiti alibadilika rangi midomo mbele ya wanawe. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji, akaponea kwenye tundu la sindano. Sadick alirudi kibandani, akakaa kwenye kigoda changu bila kuomba.

"Beni," akasema, "nitengenezee kasha."

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Alinunua seli nane. Kabla ya kuzipanga foleni aliziunganisha zote pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akazilisha umeme polepole, siku baada ya siku, mpaka zikawa sawa zote, hakuna iliyoshiba kuliko mwenzake. Nilimuuliza kwa nini asizifunge tu yaishe. Akanijibu kwa mfano ninaouelewa, maana kwetu tunalima kwa ng'ombe: ukifunga ng'ombe kwenye nira na mmoja ana njaa, huyo akilala mtaroni jembe limesimama, hata wengine wawe na nguvu namna gani. Kwenye betri, alisema, kuna kibodi cha ulinzi, yaani kibao kidogo cha saketi, kinachoangalia kila seli. Moja ikiishiwa, kinakata zote, ili ile isife. Vilevile wakati wa kuchaji, moja ikijaa sana kinakata chaji kwa zote.

Fyuzi za gari alizikataa. Betri kama hii, alisema, nyaya zikigusana inatoa moto mkubwa hadi fyuzi ndogo inakatika na cheche zinaendelea kuruka pale katikati. Alisubiri fyuzi yenyewe iletwe na basi kutoka Dar es Salaam, akaifunga jirani kabisa na kichwa cha chanya, pasiwe na waya mrefu usio na mlinzi. Kasha langu la chuma alilivika mbao ndani, akaweka karatasi ngumu kati ya seli na seli. Nilimuuliza kama anazifunika blanketi kwa baridi ya Sumbawanga. Hakucheka. Akakaza boliti.

Kasha likawekwa ukumbini, nyuma ya ukuta wa chumba cha mama, pamoja na chaja ya kulijaza umeme ukiwepo na inveta ya kuendeshea mashine ukikatika. Nilikwenda kusaidia kulibeba, kwa hiyo niliyasikia maagizo kwa masikio yangu. Sadick aliita nyumba nzima. Alimwita Husna, dada yake mdogo anayemuuguza mama. Alimwita mkewe na watoto.

"Hili kasha haliguswi. Si kufungua, si kuchomeka kitu, si kuanika kitambaa juu yake. Mnanisikia?"

Wakaitikia. Mahmud, kaka yao mkubwa, alikuwa kwenye kiti anakunywa chai ya rangi, na macho ya Sadick yalimruka kama vile kiti kile kilikuwa kitupu. Tulipotoka nje nikamuuliza: "Na kaka je? Mbona yeye hukumwambia?"

"Beni, wewe unaweza kumwambia aliyekufunga kamba za viatu kwamba asiguse kitu nyumbani kwa mama yake?"

"Mimi ningemwambia."

"Wewe Mfipa, umezaliwa unagomba," akasema, akanipiga bega.

Nieleze Mahmud ni mtu gani, nisije nikaonekana namchukia. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule. Akawa utingo kwenye malori ya mahindi ya Namanyere, kisha dereva, kisha akawa na Fuso lake. Wadogo zake walikula, wakavaa, wakasoma kwa mgongo wake. Hata umeme, Sadick aliujulia kwenye lori la kaka yake, akimshikia tochi. Katika ile familia Mahmud haelekezwi. Anaombwa.

Betri ikafanya kazi. Umeme ulikatika, mashine haikutikisika. Nilipompitia Bi Mwasiti kumpa shikamoo alinionyesha mrija puani kama mtu anayeonyesha hereni mpya.

"Marahaba mwanangu. Giza kwa majirani, mimi navuta tu!"

Sadick alisimama mlangoni anatabasamu kama mjinga. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwambia.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Sadick alikuwa na kazi Namanyere. Alipiga hesabu zake: betri imejaa, itabeba mchana wote hadi usiku wa manane. Akaondoka. Adhuhuri alipiga simu, akamwambia Husna asome mita ya kwenye kasha. Husna akasoma. Ilikuwa vizuri, haina dalili ya kushuka. Sadick akaendelea kufunga paneli juu ya paa la mtu.

Alasiri Husna alikuwa uani anafua mashuka ya mama. Alikuwa amemwacha amelala, redio imewashwa. Ilikuwa redio ya gari, Mahmud aliifunga ndani ya kisanduku cha mbao na kumletea mama yake asikilize mawaidha na kisomo, kwa kuwa macho yake hayakuweza tena kusoma kitabu. Husna aliisikia dirishani muda wote. Nyumba yote ilikuwa haina umeme, redio inasoma, maana yake betri ipo, na betri ikiwepo mama anapumua. Nani angewaza tofauti? Alipoingia kubadilisha maji ya kunywa, kisomo kilikuwa kinaendelea, mashine imezimika, na Bi Mwasiti ameshakwenda.

Walimzika kesho yake. Sadick alishuka kaburini kumpokea mama yake, kisha akapanda.

Baada ya mazishi ndugu wakataka kasha litoke ndani. Wanawake waliogopa hata kupita ukumbini. Sadick akaja kunichukua tulibebe. Kabla ya kulinyanyua akafungua mfuniko, akaleta kipimo chake. Nilidhani ataangalia fyuzi. Fyuzi ilikuwa nzima.

Kisha akainama, na sikuelewa anachokitazama hadi alipokigusa. Waya mbili nyembamba zilikuwa zimefungwa kwenye seli, moja mwanzoni kwenye hasi, nyingine katikati, baada ya seli ya nne. Zilipita tundu la kupitishia hewa, zikaingia ukutani kwenda chumbani. Zilisokotwa na kuvingirishwa utepe vizuri kabisa, mzunguko wa mtu wa malori.

"Redio," alisema.

Ni desturi yao, nami naijua. Fuso lina betri mbili, nguvu ya lori ni mara mbili ya ile inayotakiwa na redio ya gari. Kwa hiyo dereva anachomoa waya katikati, anaila betri moja tu, redio inaimba safari nzima. Mahmud amefanya hivyo maisha yake yote, na Fuso halijawahi kumsusia. Aliona seli nane, akahesabu nne, akampatia mama yake kisomo.

Sadick akapima. Seli nne za juu zilikuwa zimeshiba. Nne za chini, zile zilizofungwa waya za redio, zilikuwa tupu. Redio ilizinyonya siku baada ya siku. Kila zilipochajiwa, za juu zilijaa mapema, kibodi kikakata chaji, za chini zikabaki na njaa yao. Mita inasoma jumla, haijui nani amekula na nani hajala. Siku umeme ulipokatika, za chini ziliishiwa na kibodi kikafanya kilichofundishwa: kikazima kila kitu. Isipokuwa redio, kwa sababu waya zake hazikupita kwenye kibodi. Hazikupita hata kwenye fyuzi.

"Niliiona hii redio, Beni," alisema. "Niliiona kila asubuhi. Sikufuata waya wake unakokwenda."

Alikaa chini, miguu imenyooka kama mtoto, akalia. Nililia naye, na sioni haya. Alipomaliza alizifungua zile waya, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hukuona kitu."

"Sadick!"

"Aliacha shule kwa ajili yetu. Nimwambie amemuua mama? Nikimwambia, namzika na yeye. Namjua."

Jioni ile, matangani, wanaume tulikuwa kwenye mikeka. Mzee Uledi, kaka wa marehemu, aliuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: ile betri ya kuungaunga ilikuwa na nini? Mahmud alimtazama mdogo wake, na nilimwona anaomba moyoni asikie kwamba mashine ilikuwa mbovu, kwamba ilikuwa kudra, chochote.

"Fyuzi, mjomba," Sadick akajibu. "Niliweka ndogo. Nilikosea mimi."

Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Aliweka mkono juu ya goti langu na kulibana.

Mahmud hakupiga kelele, ningefurahi kama angepiga. Alisema polepole, "Ulishindwa kunisubiri nikuletee ya dukani? Mama alikuwa wa kumfanyia majaribio?" Akanyanyuka, akahamia mkeka mwingine, na tangu jioni ile hajamwita mdogo wake kwa jina.

Habari zilisambaa mji mzima upesi kuliko mvua. Wateja waliojengewa betri na Sadick wakazirudisha au wakazitupa nje, betri nzuri kabisa, zenye fyuzi kila panapostahili. Kibanda chake amekifunga. Sasa yuko sokoni anauza viatu vya mitumba, amekonda, na ukimtajia seli anageuka kupanga raba. Husna hazungumzi naye. Naona ubaya wa jambo hili kila siku, na kila siku nanuna, na kununa kwangu hakumsaidii mtu.

Juzi Mahmud alileta Fuso lake kwangu, bodi limepasuka. Nilichomelea, yeye amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilipovua miwani ya kuchomelea akasogea.

"Beni, wewe ndiye uliyetengeneza lile kasha. Ulikuwepo. Niambie ukweli, wewe si ndugu, hutaona aibu. Lilikuwa tatizo gani?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moshi wangu. Alikuwa amezeeka. Ulimi wangu ulikuwa tayari, neno limefika kwenye meno. Nikamwona Bi Mwasiti na mrija wake. Nikamwona huyu mtu akifunga zile waya taratibu, kwa furaha, ili mama yake asikilize.

"Fyuzi," nikasema.

Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Nilimfundisha mimi mwenyewe mambo ya umeme, tangu mdogo," akasema. "Hakuwahi kunisikiliza."

Akapanda kwenye lori, akaondoka kuelekea Namanyere.