Jina Kwenye Ubeti wa Mwisho

"Basi mwambie kaka yangu alikuwa mwizi," wifi alisema. "Mtafiti akifika mwambie hivyohivyo. Marehemu hana mdomo wa kukujibu."

"Sikusema mwizi, wifi. Nimesema tungo ni zangu."

"Zako kwa kalamu gani? Wewe hata kopo la chumvi unalionja kwanza ndiyo ujue si sukari."

Mama Cherehani aliendelea kupinda sare ya shule. Wifi yake alikuwa na sauti ya kukausha nguo kambani siku ya mvua, na kumjibu haraka ni kuongeza upepo. Kati yao, juu ya meza ya kukatia, daftari la marehemu lilikuwa limefunguliwa.

Miaka ishirini na sita alishona, na mguu ukikanyaga cherehani, maneno yalikuja kwa mizani. Mengine yalimponyoka yakaingia kwenye mapindo ya suruali za watu, na wenye suruali wakatembea mjini kwa vina bila kujua. Yeye hakujua kusoma wala kuandika, hivyo jioni alimsemea mumewe, karani wa stoo, naye akaandika. Kisha mume alimsomea alichoandika, na kwenye ubeti wa mwisho, pale mtunzi anapojitaja, alitaja jina la mkewe. Mama Cherehani alilala kama mtoto aliyeshiba.

Wiki iliyopita akaja binti wa chuo, anayezunguka vitongoji vyote vya jiji kuorodhesha watunzi wa mitaani. Alifungua daftari akasoma kwa sauti. Ubeti wa mwisho ulitaja jina la mume. Akageuza ukurasa: la mume. Akageuza mpaka jalada. Mama Cherehani alimwongezea chai tu. Leo binti anarudi kuandika jina litakaloingia kitabuni.

"Alinisomea uongo, wifi. Miaka yote hiyo, ananitazama usoni."

Wifi alishusha sauti kidogo. "Wenzake kwenye kikundi cha washairi walikuwa wanamwita malenga. Angewaambia nini, kwamba anatungiwa na mke?"

"Angewaambia hivyo."

"Na wanao? Baba yao wamebaki naye kwenye hilo daftari tu. Unataka kumvua nguo mbele yao?"

Hapo ndipo palipomchoma. Alimpenda yule mtu, na usiku wa jana alikuwa amemkasirikia mpaka mto ukalowa.

"Nikinyamaza, mimi ndiye nitakayekuwa nimezikwa," alisema. "Na mimi sijafa, nina sare kumi na moja za kumaliza."

"Kwa hiyo utamwambia nini?"

"Nitamwambia alikuwa na mwandiko mzuri. Huo ulikuwa wake, simnyang'anyi. Lakini maneno..."

Pazia la mlango likasogezwa. Binti wa chuo aliingia, kalamu tayari mkononi.

"Shikamooni, mama zangu. Maneno gani?"