Asilimia Arobaini na Tatu

Tangu mto uvunje kingo zake, Bibi Shamba hakupata kukaa kitako. Ndivyo wakulima walivyomwita, afisa wa kilimo wa kike mwenye buti za mpira na mdomo usiotulia. Serikali ilikuwa imetangaza fidia kwa kila aliyepoteza nusu ya mazao au zaidi, na wa kuithibitisha nusu hiyo alikuwa yeye. Kutwa nzima matopeni, akihesabu mahindi yaliyolala na yaliyosimama, huku fomu akiijazia gotini.

Siku ya tatu alifika kwa mjane mmoja mwenye watoto wanne. Hesabu ikatoka arobaini na sita kwa mia. Bibi Shamba alichungulia ghalani, akakuta hata panya wamehama. Akaandika hamsini na moja mjane akiona, akaondoka mbiombio kabla mkono haujajuta.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kaka yake wa tumbo moja, aliyeuza ng'ombe wawili ili yeye asome. Alihesabu mara mbili. Arobaini na tatu.

"Andika hamsini, mdogo wangu," kaka alisema. "Maji hayakuja na rula."

"Siwezi, kaka. Watasema nakupendelea kwa sababu ni ndugu yangu."

"Na yule mama uliyemwongezea? Kila akienda kisimani anakusifu. Yeye ni nani kwako?"

Bibi Shamba aliikunja fomu, akashika njia.

Kwa siku mbili akawa kama mtu aliyekalia siafu. Ofisini alifungua faili, akalifunga, akatoka uani, akarudi. Mara tatu alifika mlangoni kwa mkuu wake, mara tatu akajifanya anatafuta gundi. Mara ya nne akaingia bila kubisha.

"Mkuu, nimeandika uongo."

Mkuu alivua miwani. "Mashamba mangapi?"

"Moja. La pili ni la kaka yangu. Nilitamani, ila sikuandika."

Alipewa barua ya onyo, na mashamba yote mawili yakapimwa upya na mwenzake, mzee mpole asiye na haraka. Kwa mjane, mzee yule alipiga magoti, akapekua chini ya mahindi. Huko kulikuwa na maharage, yote yameoza. Alipojumlisha, akapata sitini na moja. Bibi Shamba alikuwa amehesabu mahindi tu. Alidanganya kumpa mjane kitu ambacho kilikuwa haki yake tangu mwanzo.

Kwa kaka, arobaini na tatu ilibaki vilevile. Hakupata hata senti.

Alinuna mwezi mzima, salamu akazituma kupitia kwa mkewe. Kisha asubuhi moja alisimama mlangoni kwa dada yake, mikono mfukoni.

"Njoo unifundishe kuchanganya maharage," alisema. "Naona hayo ndiyo yanayoheshimiwa na serikali."

Walicheka mpaka mume wa Bibi Shamba akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Lakini Bibi Shamba hana raha bado. Kabla ya maharage yale kuonekana alikuwa amepima mashamba mengine kumi na tisa kwa haraka ileile, bila kuinama. Fomu za marekebisho zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Ameshayarudia manane. Chai yake iko mezani inapoa, na yeye yuko barabarani kuelekea la tisa.