Mlango si Ndoo

Ujana wake wote Mama Ndoo aliumalizia nyuma ya kaunta ya duka la rangi, kazi yake kuchanganya. Utangulize nyekundu au uanze na nyeupe, pinki ni ile ile; ndoo haiulizi nani katangulia. Basi alipoanza kujitegemea, akapata kazi ya kupaka makabati ya shule ya chekechea, akaenda na akili ile ile ya ndoo.

Watoto walikuwa ishirini, na kusoma bado. Mwalimu mkuu alitaka kila kabati liwe na milia mitatu ya rangi tofauti mlangoni, ili mtoto alijue lake kwa kulitazama. Rangi zilikuwepo nne: nyekundu, njano, buluu na nyeupe.

"Hazitoshi, mwalimu," Mama Ndoo alisema. "Nikichukua tatu, naacha moja. Za kuacha ni nne tu, basi na milango ni minne. Tuongeze rangi."

Wifi yake Mama Ndoo, aliyekuja kumpiga tafu, hakusubiri. Mlango wa kwanza alishaupaka nyekundu, njano, buluu, toka juu kwenda chini. Wa pili akaanza na buluu, njano, akamalizia nyekundu.

"Wifi, umerudia!"

"Nimerudia nini? Hebu tazama vizuri."

Mama Ndoo akatazama, mikono kiunoni. Rangi zile zile, lakini milango haikufanana hata kidogo. Kumbe! Ndani ya ndoo rangi humezana; hapa kila moja ina mahali pake, na juu si chini.

Udadisi ukampanda. Akachuchumaa na chaki, akachora sakafuni. Nyekundu ikikaa juu, mbili zilizobaki zinapangika kwa namna mbili. Njano ikikaa juu, mbili tena. Buluu, vilevile.

"Sita! Rangi tatu hizi peke yake, milango sita. Na mafungu ya tatu tatu ni manne..."

"Ishirini na nne," wifi akadakia. "Mwalimu, tuletee watoto wanne wa nyongeza!"

Wakacheka, wakapaka.

Siku ya kufungua shule kukazuka kilio: watoto wawili wanagombea kabati moja. Seremala aliyekuja kuifunga milango rangi ilipokauka alikuwa amefunga mmoja kichwa chini miguu juu, ukawa pacha wa mwenzake. Mama Ndoo akaomba bisibisi, akaugeuza mwenyewe.

Mtoto akaukagua toka juu hadi chini, akajifuta machozi, akaingiza viatu vyake.