Kuomba Ustawi

Nilipoamua kuomba shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, nilikuwa nimekaa ofisi ya ustawi Bunda muda wa kutosha kuamini kwamba hakuna machozi mapya duniani. Mwanamke akiingia, kabla hajavuta kiti nilishajua: ama mume haleti matumizi, ama ameleta mke mwingine. Nilijiona bingwa. Nilichopungukiwa, kwa mawazo yangu, ni cheti cha kuthibitisha ubingwa wenyewe, na ikiwezekana kiti cha kuzunguka kama cha mkuu wangu wa idara.

Chuo kilitaka ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini nataka kusoma. Nikaandika, kwa Kiingereza ambacho hakuna mtu anakizungumza popote, kwamba tangu utoto wangu Butiama nilikuwa nikiyabeba moyoni maumivu ya wanyonge. Ukweli ni kwamba utotoni nilitaka kufanya kazi benki, kwa sababu ya kiyoyozi. Ustawi niliingia baada ya alama zangu za kidato cha sita kukataliwa na kitivo cha sheria. Lakini niliposoma ule ukurasa nililengwa na machozi, jambo ambalo lilitosha kunitia shaka na halikunitia.

Walitaka pia barua ya mtu anayenifahamu kikazi. Mkuu wangu aliniambia niiandike mwenyewe, yeye atasaini. Asubuhi niliandika kwa unyenyekevu, nikaona huyu mtu hata mgambo hawamchukui. Nikaongeza kidogo. Kufika saa tisa nilikuwa mhimili wa idara, mwenye busara isiyo ya kawaida na uvumilivu wa kupigiwa mfano. Mkuu aliisoma polepole hadi mwisho, akavua miwani.

"Huyu yuko halmashauri gani?" akauliza. "Nataka nimuombee uhamisho aje kwetu."

Akaifuta busara, uvumilivu akauacha, akasaini.

Jumapili nikapanda kwenda Butiama kumweleza mama. Mama ni Mzanaki wa kweli. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kupunguziwa bei. Aliniuliza kama kazini wamegundua kwamba kazi siijui. Nikamwambia hapana, ni kuongeza elimu tu. Akasema ataniombea, na kwa kuwa jambo hili lilionekana kubwa kuliko maombi yake peke yake, atawaomba na wenzake kigangoni wanisindikize. Nilirudi Bunda nimefurahi.

Kilichotokea huko nilikuja kukijua baadaye. Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya waamini, mama alisimama akasema kwa Kiswahili chake, "Mniombee huyu wangu wa Bunda. Ameomba ustawi."

Sasa, kwetu mtu aliyeomba ustawi hajaomba chuo. Huyo ni mke aliyepigwa au aliyetelekezwa, amechoka, amekwenda serikalini mume wake aitwe. Kigango kizima walijua nafanya kazi halmashauri, lakini hakuna aliyewahi kuuliza idara gani. Mama mwenyewe akiulizwa alisema tu nakaaga ofisini. Walijua pia kwamba mume wangu ananunua dagaa kisiwani Rukuba na anaweza kukaa huko wiki nyingi. Wakajumlisha wenyewe.

Jumamosi nikiwa nafua, wakaingia uani akina mama watatu wamevaa sare za umoja wao, wamebeba kuku na unga wa muhogo. Walipanda bodaboda hadi Kiabakari, kisha gari hadi Bunda. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wao, mama wa makamo ya mama yangu, aliyenijua tangu nina kamasi. Niliwaamkia, nikawakaribisha ndani, nikabandika chai. Nilidhani wamefiwa.

Walikaa pembeni mwa makochi, migongo imenyooka. Mwenyekiti alitupa macho chumba kizima: kwenye kioo cha dirisha chenye ufa, kwenye kandambili za kiume zilizokuwa na vumbi mlangoni, kisha kwangu.

"Mwanangu," akasema, "hatujaja kuhukumu. Tumekuja kukusikiliza."

Sentensi hiyo mimi ndiyo ninayofungulia ofisi. Nilishangaa kuisikia inavyotisha ukiwa upande wa pili. Nikawaambia karibuni, nikangoja. Akasogea, akashusha sauti.

"Anakupigaga, au ni maneno tu?"

Nikacheka. Lilikuwa kosa kubwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika, juu ya wanawake wangapi sijui, kwamba mhusika anacheka ili kuficha maumivu. Mwenyekiti akamtazama mwenzake, mwenzake akainamisha uso.

Nikaanza kujieleza. Nikasema mume wangu yuko kazini, hatujagombana, matumizi anatuma. Nikasema mimi ndiye ustawi wenyewe, na nilichoomba ni kwenda kuusoma zaidi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa kama wanaokubali, taratibu, macho nusu yamefumba, kwa upole ambao haukuwa unasikia hata neno moja. Nilikifahamu kile kichwa. Ni changu. Nimewatikisia watu miaka yote hiyo, nikidhani wanafarijika.

Mwisho mwenyekiti akanipigapiga gotini. "Kusoma ni vizuri," akasema. "Inapunguzaga mawazo."

Wakapiga magoti wakamwombea mume wangu, kwa jina lake lote la ubatizo, atoke katika mitego ya visiwani. Waliomba sana. Chai ikapoa. Kisha wakaniachia kuku na unga, wakaahidi kwamba jambo hili litabaki baina yetu.

Halikubaki. Kabla wiki haijafika katikati lilikuwa limeshavuka maji. Mume wangu alitokea jioni na mfuko mmoja, ananuka dagaa na safari, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua mita.

"Mama watoto," akasema, "kama ni habari ya yule mbuzi, naomba tuzungumze."

Mimi sikuwa na habari ya mbuzi yeyote. Akakaa akaeleza, na ndipo nikajua kwamba mbuzi wangu niliyeambiwa amekufa kwa kuharisha yuko hai kwa shemeji, na ana wajukuu. Nikamwacha amalize, maana sijawahi kupata ungamo jepesi hivyo hata ofisini. Halafu nikamweleza habari ya kigango. Alicheka hadi akajishikilia ukuta. Baadaye akasema kisiwani watu aliokula nao ugali miaka mingi walikuwa wakimkwepa.

"Hawakuniuliza kama ni kweli," akasema. "Waliniuliza tu kwa nini."

Niliwakumbuka wanaume niliowaita kwa barua, wakaingia na kofia mikononi, mimi nimeshamaliza kuwahukumu kabla hawajaitikia salamu. Wengine walistahili. Wengine sijui, kwa sababu sikuuliza.

Tukaona dawa ni kwenda Butiama wawili, watu watuone tuko salama. Jumapili tukaketi benchi moja na mama. Baada ya misa mume wangu akaomba nafasi, akaeleza kwa kirefu kwamba hapajatokea ugomvi wowote. Kanisa lote likapiga makofi na vigelegele. Mwenyekiti akaja akamkumbatia, akamwambia mwanaume ni yule anayerudi. Hadi leo, katika kigango kile, ndoa yetu imehesabiwa miongoni mwa zilizookolewa, na wenye shida wanatumwa kwetu kuomba ushauri.

Usaili ulikuwa kwa video. Bunda umeme ulikuwa hautabiriki siku hizo, nikaenda Musoma, Nyakato, kwa wifi yangu. Nilikaa chumbani kwake nimevaa koti la suti juu na kitenge chini. Ukutani, nyuma ya kompyuta, nilibandika karatasi za nadharia zote nilizotaka kuonekana nimezijua siku zote. Joto likazidi, nikawasha feni, na nadharia zote zikaruka uvunguni.

Ndipo aliyeongoza jopo, mama mwenye mvi na sauti ya taratibu, akaniuliza: mtu akiwa mbele yako, unajuaje kwamba anahitaji msaada, na ni msaada gani? Nikatazama ukuta. Ulikuwa mweupe. Sikuwa na kingine cha kusema, nikawasimulia habari ya kuku na unga wa muhogo. Mmoja wao akazima kamera katikati ya habari ya mbuzi, nikajua anacheka.

Yule mama hakucheka. Akauliza tangu hapo nafanya nini tofauti.

Nilitamani kusema kila kitu kimebadilika. "Kichwa bado natikisa," nikasema. "Ila siku hizi nikianza najishtukia, naacha, namuuliza mtu amekuja kwa jambo gani. Halafu nangoja."

Akaandika kitu, akanishukuru, skrini ikawa nyeusi. Wifi yangu, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaniambia nimeharibu: hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, mtu hawapelekei maprofesa.

Nilichaguliwa, kwa sharti. Nisome kwanza kozi fupi ya takwimu, maana alama zangu za zamani za somo hilo, waliandika kwa adabu, haziridhishi. Kwa hiyo kila Jumamosi niko Musoma, darasani na vijana ambao wananiamkia shikamoo kisha wananieleza maana ya wastani. Juzi nimepata swali zima bila kusaidiwa. Nilimpigia mume wangu Rukuba kumweleza, akauliza kama ndiyo shahada yenyewe imeisha. Nikamwambia bado haijaanza.