Mawe ya Mnara wa Askari

Tumbaku kavu ikisagwa kiganjani hutoa harufu inayochoma pua, na kwangu harufu hiyo ni Lodwar wakati wa kiangazi, upepo wa asubuhi ukisukuma mchanga barabarani. Bibi yangu, ambaye kwa Kiturkana tulimwita ata, aliinyunyiza tumbaku hiyo chini ya mnara wa mawe uliokuwa kwenye njia ya kuingia mjini. Ulijengwa kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Mtaliano, Waingereza walipopigana na Waitaliano huko Ethiopia. Bamba lake liliwataja maofisa wa kizungu kwa majina. Weusi waliandikwa “askari” tu. Kaka yake ata, Ekai, alikuwa mmoja wao. Alitoka Lokitaung na bunduki begani, hata mfupa wake haukurudi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini ata hakuikubali methali hiyo. Kwake Ekai alikuwapo, tena alipenda tumbaku.

Kiangazi kimoja likaja tingatinga kupanua barabara. Ata alikwenda akaketi, akauegemea mnara. Msimamizi wa kazi alikuwa mgeni asiyejua Kiturkana, na ata hakujua Kiswahili, basi mimi niliyekuwa darasa la nne nikawa ulimi wao.

“Mwambie mama atoke. Hii ni mawe tu.”

“Anasema hii ni kaburi ya kaka yake.”

“Lakini hapa chini hakuna mtu!”

Nilipomtafsiria, ata alimtazama bila hasira. “Muulize, wa kwao akifia mbali, yeye huenda kumlilia wapi?”

Niliuliza. Yule bwana akamwashiria dereva azime injini. Alisema barabara lazima ipite, ila tukitaka kuuhamisha mnara wenyewe, angetungoja. Habari ikafika sokoni. Wanawake waliacha makaa na samaki wao wakaja, nasi tukabeba mawe vichwani hadi uwanja wa kanisa, joto la mawe likipenya ngata. Ata alitangulia, akilitaja jina la Ekai kwa sauti ya chini, kama anayemwonyesha mtu njia. Fundi wa kanisa akaujenga upya.

Ata hayupo tena. Mnara sasa una uzio na rangi, na wanafunzi hupigia picha hapo, ingawa wachache wanajua uliwahi kuhama. Enzi zetu haukuwa na uzio, lakini ulikuwa na watu wake. Mimi ni mwalimu Kakuma, na juzi nilipita hapo na jirani yangu Nyandeng, aliyekimbia vita vya Sudan Kusini. Nilimsimulia habari ya ata. Akasikiliza, akasema, “Mwalimu, bwana yangu pia alipotea kwa vita. Sijui kaburi yake. Naweza kumuita hapa?”

“Muite, dada.”

Akavua viatu, akauwekea mnara kiganja, akamwita mumewe kwa Kidinka. Alimwita kwa muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso, tukaenda kutafuta gari la Kakuma.